Mke Mwenza Ndani ya Chupa

Mtu akiniambia tena kwamba kusomea bahari ni starehe, kuota jua na kupiga picha, nitamwomba aje akae saa mbili mbele ya Mzee Unajuaje kisha aturudie na habari hizo. Hilo silo jina lake, lakini chuo kizima hakuna anayemwita vingine akiwa hayupo. Ni mhadhiri wetu wa somo linaloitwa Mada za Sasa katika Sayansi ya Bahari. Ukifungua mdomo mbele yake, hata kama umesema tu leo ni Alhamisi, anakutazama juu ya miwani na kukuuliza unajuaje. Wiki ya kwanza unacheka. Mwezi wa pili unaliota swali hilo usingizini.

Somo lenyewe halina ugumu wa kutisha. Kila wiki mwanafunzi mmoja analeta utafiti mpya aliousoma, anautetea kama wakili, na sisi wengine tunauchambua. Sheria ni moja: utafiti usizidi miaka mitano, kwa sababu, anasema, bahari haitusubiri. Sawa. Lakini hebu niambieni, mtu mwenye sheria hiyo anapata wapi uso wa kurudisha kila mjadala kwa samaki mmoja wa ujana wake? Tulizungumza matumbawe yanayopauka kwa joto, akamleta samaki wake. Tulizungumza chembechembe za plastiki, samaki wake. Mwenzetu mmoja alileta habari za kelele za meli na jinsi zinavyowachanganya nyangumi, nikasema moyoni leo tumepona, nyangumi ni mkubwa mno kupitwa. Hatukumaliza hata ukurasa wa pili tukawa tumeshafika kwa samaki.

Ni samaki wa urefu wa kidole, wa kijivu, ana mstari wa njano unaopita kwenye jicho. Hashibishi mtu wala hapendezi. Mwalimu alimkuta kwenye mwamba ulio mdomoni mwa ghuba yetu, enzi hizo akiwa mwanafunzi kama mimi. Akamtoa majini, akaandika habari zake, akawa mtu wa kwanza kumtambulisha kwa wataalamu wa dunia nzima. Tangu hapo hakuna aliyemwona tena, yeye mwenyewe akiwemo, na amepiga mbizi mpaka masikio yakamkataza. Yule aliyemtoa anakaa kwenye chupa ya spiriti juu ya meza yake ofisini, kati ya kikombe cha chai na simu. Mke wa mwalimu alikuja siku moja kumletea miwani aliyoisahau nyumbani. Alitusalimu vizuri, kisha akaielekezea chupa kidole na kutuomba tumsalimie na mke mwenzake. Jina likashika palepale. Tukawa tunamwita Mke Mwenza.

Mwisho wa muhula huo mwalimu alikuwa anastaafu. Hakutaka hotuba wala zawadi. Alitaka kujua jambo moja kabla hajakabidhi funguo za ofisi: Mke Mwenza bado yumo ghubani au hayumo. Kitivo kizima kilijua anachotaka, na kitivo kizima kilijitia hamnazo, maana nani ana nguvu za kumsaka samaki wa kidole kwenye maji yote yale? Nani, kama si mimi niliyejipalia makaa kwa kuchagua mada ya vinasaba vya maji.

Niwaeleze kwa ufupi, kwa sababu nimeshawaeleza watu wengi kwa urefu na sikuambulia kitu. Kila kiumbe kinachoishi majini kinaacha kitu chake humo: ute, magamba, kinyesi. Ndani ya hivyo vyote mna vinasaba vyake. Unachota maji, unayapitisha kwenye karatasi ya chujio, karatasi unaipeleka kwenye mashine, na mashine inakutajia nani na nani wamepita hapo, bila wewe kutupa wavu. Nilipomweleza hivyo shemeji yangu, mume wa dada ninayeishi kwao, aliniomba niipelekee hiyo mashine maji yaliyooshewa vyombo ijulikane nani anadokoa nyama jikoni. Dada akasema kwa hilo hatuhitaji mashine.

Basi siku niliyoitetea mada yangu darasani, nilimaliza maelezo bila kumtazama mwalimu, maana nilishaanza kuogopa uso wake. Nilipoinua macho alikuwa ameacha kuandika. Kwa mara ya kwanza hakuniuliza ninajuaje. Aliniuliza boti ninaitaka lini.

Nilidhani atanipa boti ya kitivo na baraka zake, nami niende zangu na Redio, mwanafunzi mwenzangu tunayemwita hivyo kwa sababu ukimwasha hazimiki. Thubutu. Asubuhi ya safari nilimkuta mwalimu ameshakaa mbele ya boti, kofia kichwani, glavu mkononi, kama bwana harusi aliyewahi ukumbini. Nilikuwa nimeziandaa chupa saba. Tano za vituo vitano vya ghuba. Ya sita ya kurudia palepale mwambani, kwa ombi lake. Ya saba ndiyo tunayoiita chupa tupu, ingawa imejaa: ndani yake unatia maji ya maabara yaliyosafishwa mpaka hayana hata kiumbe, unaenda nayo baharini, unaifungua na kuifunga kama zile nyingine, kisha unaipeleka kwenye mashine pamoja nazo. Mashine ikikuta kitu ndani yake, ujue kitu hicho hakikutoka baharini. Kimetoka kwenu.

Nilimwomba kwa adabu zote aniachie chupa. Alisema mikono yake inaijua ghuba hii kuliko yangu. Nikamwomba basi avae glavu mpya, pakiti nzima ninayo. Akanionyesha alizovaa, moja ina alama ya wino, akaniuliza kwani hizi ni nini. Ningesema nini? Mzee kala chumvi nyingi, ndiye mwenye alama zangu, na jua limeshapanda. Akazifungua chupa zote mwenyewe, moja baada ya moja, na ile tupu pia, akiinamia maji kama anayemwamsha mtu. Redio alinong'ona kwamba tungekuja na kadi ya mwaliko. Nilimkanyaga mguu.

Jioni tulichuja maji yote maabarani, na hapo ndipo aliponitoa mapovu kwelikweli. Mashine haiko chuoni kwetu, iko chuo kingine, na trei waliyotupa awamu ile ilikuwa na nafasi sita tu. Mimi nilitaka tano za vituo na ya sita ya chupa tupu, kama kitabu kinavyosema. Yeye akaitoa chupa tupu na kuweka ile ya pili ya mwambani. Nikamkumbusha. Akasema chupa tupu itakwenda awamu ijayo, haitaoza. Mtu aliyewahi kunirudisha kitini nikaketi, mbele za watu, kwa sababu sikujua kipimajoto cha watafiti niliowasoma kilihakikiwa mwezi gani! Nilikwenda nyumbani nikigombana naye njia nzima, mimi nikisema ya kwangu na ya kwake.

Majibu yakaja, na Mke Mwenza alikuwemo.

Alikuwemo kituo cha kwanza mpaka cha tano. Mashine ilimtambua vizuri, kwa sababu miaka ya karibuni mwalimu alikuwa amemkata kipande cha pezi yule wa chupani na kuviorodhesha vinasaba vyake ili siku kama hiyo ikifika asipotee. Nilimpelekea karatasi ofisini. Aliisoma amesimama, akakaa, akavua miwani, akalia bila kujificha. Nami nikalia, jamani, na mimi si mtu wa kulia. Nilimsamehe kila kitu siku ile, mpaka kipimajoto.

Redio hakulala nayo. Kufikia mchana kitivo kizima kilikuwa na habari, na mkuu wa kitivo akaamua kwamba semina yangu ya kuwasilisha majibu isiwe ya darasani tena. Iwe ya wazi, kwenye ukumbi mkubwa, na waandishi wa habari waalikwe. Mwalimu akaanza kupita koridoni anasalimia watu ambao kwa miaka alikuwa hawaoni. Mkewe alimnunulia shati.

Mimi nilipotulia nikaanza kuwashwa. Samaki huyu ni wa mwambani, anakaa kwenye mashimo ya mawe. Sasa kituo cha tano, mdomoni mwa mto, kwenye tope na maji baridi, anatafuta nini? Tena alionekana kule kwa wingi uleule wa mwambani. Samaki gani anagawana ghuba nzima kwa usawa, kama aliyepimiwa kwa kijiko? Nikajiambia niache ushetani, mambo yameshakuwa mazuri. Lakini mzee alikuwa ameshaniharibu kichwa. Nikaitoa karatasi ya chupa tupu kwenye friza, nikaipeleka awamu iliyofuata bila kumwambia mtu.

Jibu lilikuja siku tatu kabla ya semina. Ndani ya maji yale ya maabara, yasiyojua hata chumvi, mlikuwa na samaki mmoja tu. Ni yeye.

Nilikaa nikaiangalia ile karatasi mpaka nikaichukia. Nilimchukia samaki, nikaichukia mashine, nikajichukia mimi mwenye kuwashwa. Nikapiga moyo konde, nikaenda ofisini kwa mwalimu kumweleza. Nilipiga hodi, nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu bila kugeuka, kwa sababu alikuwa na kazi. Alikuwa ameifungua ile chupa, anamwongezea Mke Mwenza spiriti, kama afanyavyo kila wiki. Mikononi alivaa glavu. Alipomaliza alizivua, akazisuuza kwenye beseni, akazianika dirishani zikauke. Zilikuwa palepale, jozi mbili, zote zimefubaa kwa kutumika, na moja ina ile alama ya wino niliyoiona kwenye boti.

Aliniuliza nimekuja kwa lipi, nikamwambia nilikuja kuuliza ukumbi unafunguliwa saa ngapi.

Nyumbani niliwaeleza dada na shemeji, nikitegemea akili za watu wazima. Shemeji alisema kwani samaki mwenyewe ana ukubwa gani, nikamwonyesha kidole, akasema basi niache mzee astaafu na furaha yake, kidole kimoja hakijamuua mtu. Dada alikuwa anakunja nguo. Alisema nikinyamaza, mwaka ujao kuna mjinga atakwenda kumtafuta huyo samaki kwa sababu mimi nimesema yupo, na mjinga huyo atakuwa mwanafunzi kama mimi. Kisha akasema hata hivyo nisimsikilize yeye, yeye hajui bahari. Hayo ndiyo mashauri yangu. Kila mmoja aliniacha pabaya kuliko aliponikuta.

Semina ikafika. Ukumbi ulijaa, mwalimu kakaa safu ya mbele ndani ya shati jipya, mkewe pembeni yake. Nilieleza njia ya kazi, nikaonyesha vituo. Nilipofika kwenye majibu watu wakaanza kupiga makofi kabla sijamaliza, nikawaomba wasubiri. Nikabonyeza projekta ikaonyesha safu ya saba. Mwandishi mmoja wa habari alinyanyua kamera akidhani ndiyo habari njema yenyewe.

Mwalimu aliisogelea skrini kwa macho.

"Hii ya saba ni ya kituo gani?" akauliza.

"Si kituo, mwalimu. Ni chupa tupu."

Wasiojua mambo yetu waliendelea kutabasamu. Wanaojua walinyamaza mmoja mmoja, mpaka ukumbi wote ukatulia. Mkuu wa kitivo alimwinamia jirani yake kuuliza chupa tupu ndiyo nini. Mwalimu hakuangalia pembeni.

"Nani alizifungua chupa?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali alilowahi kuniuliza na mengine niliyoyatunga mwenyewe. Kwa hilo sikujiandaa. Nilitazama karatasi zangu kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Nimeuliza nani alizifungua."

"Ni wewe, mwalimu."

Aliandika. Naapa, aliandika kwenye daftari lake kama anavyoandika siku zote, kisha akaendelea na maswali. Alinibana nusu saa nzima. Kwa nini chupa tupu haikwenda awamu ya kwanza. Nikasema nafasi hazikutosha. Akauliza nani aliamua nafasi hiyo ipewe mwamba. Nikasema ni wewe. Akauliza kwa nini sikukataa. Hapo nilishindwa kujizuia, nikamwambia mbele ya mkuu wa kitivo kwamba nilikataa, na kwamba kumkatalia yeye ni sawa na kuukatalia ukuta. Mkewe alicheka peke yake. Mwalimu akasema jibu hilo linakubalika, akafunga kalamu.

Waandishi wa habari waliondoka na vitafunio. Alama nilizopata zilikuwa za kupita tu, na maelezo yake ya chini yalisema nilipaswa kukataa zaidi. Nilitaka kuichana ile karatasi. Kosa afanye yeye, mkia niburuze mimi! Ndipo akaniita, akaniambia anataka nirudi ghubani kabla hajaondoka. Yeye haji. Hata gatini hatakanyaga. Chupa nisiziweke kwenye jengo lenye ofisi yake, maji nichujie maabara ya kitivo kingine, na kama nitakutana naye njiani siku hiyo nisimpe mkono.

Nikaenda na Redio, na glavu mpya kwa kila chupa. Safari hii tulichota mara nyingi zaidi: mwambani juu, mwambani chini, kwenye mashimo, upande wa jua na upande wa kivuli. Redio hakusema kitu karibu njia nzima, ikabidi nimuulize kama anaumwa. Alisema hapana, ila anaomba tumpate.

Hatukumpata. Mashine ilitaja samaki wa kila namna, chewa, pono, kikande, mpaka kasa aliyepita njia. Yeye hakuwemo. Na chupa tupu ilikuwa tupu kweli.

Nilipompelekea majibu, ofisi ilikuwa imejaa maboksi. Vitabu vimeshashuka kwenye rafu, mezani imebaki chupa ya spiriti na simu. Alisoma karatasi kutoka juu mpaka chini, akarudia.

"Chupa tupu?"

"Haina kitu, mwalimu."

"Basi kazi ni nzuri," akasema.

Ningepewa sifa hiyo mwanzo wa muhula ningekwenda kuitangaza na Redio. Sasa iliniudhi tu. Nikaanza kusema ovyo. Nilimwambia kutoonekana si kutokuwepo. Nilimwambia ghuba ni kubwa, mkondo unakwenda mbio, vinasaba havidumu majini, pengine msimu si wake, pengine kahamia mwamba mwingine tusioujua. Yote ni kweli na yote alinifundisha yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na kwa kweli lilinitisha.

"Walikuwa wawili," alisema.

Nikamuuliza akina nani.

"Siku ile mwambani. Walikuwa wawili, wanaingia na kutoka kwenye shimo moja. Kwenye maandishi niliandika mmoja, kwa sababu niliyemkamata ni mmoja." Aliigeuza chupa ili upande wenye jicho unielekee. "Nilimchukua huyu mkubwa. Alikuwa na mayai. Nilimchukua kwa sababu alionekana vizuri zaidi."

Nilikasirika, tena sana. Kwa nini aniambie mimi? Angemwambia mkuu wa kitivo, angewaambia wale wenye vitabu wanaomtaja kwa heshima. Nilitaka kumwambia kwamba alikuwa kijana, kwamba asingejua, kwamba mtu yeyote angemchukua yule mkubwa, hata mimi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Kisha nikaliona tumbo la yule samaki ndani ya chupa, limevimba kidogo upande mmoja, na muhula mzima nilikuwa nalitazama bila kuliona. Nikakaa kwenye boksi la vitabu.

Aliinuka yeye, akafungua dirisha kwa sababu ofisi ilinuka spiriti, akasimama hapo kunipa mgongo. Aliniambia niandike ripoti kama majibu yalivyo, nisimpunguzie mtu kitu.

"Na pale mwanzo, unapoeleza alivyogunduliwa," akasema, "andika walikuwa wawili."